Mbolea ya Ua la Mama

Juzi dukani mtu alifungua mfuko wa mbolea, na ule ukali uliopanda puani ukanirudisha utotoni Newala, kwenye dirisha letu. Mama alikuwa na ua la kutambaa ndani ya kopo la maziwa. Maji tuliyateka mbali bondeni, kwa hiyo ua lilikunywa yale ya kuoshea mchele tu.

Mama alipokwenda hospitali kujifungua, nilitaka arudi alikute limefika mlangoni. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuuza mbolea, na baba alinunua ya mahindi. Nikachota kiganja kizima, nikamwaga koponi. Siku ya tatu majani yote yalikuwa yameungua.

Mama akarudi bila mtoto. Hakuna aliyenieleza kitu.

"Shikamoo mama. Ua nimeliua mimi. Nililitilia mbolea nyingi."

"Marahaba." Akakaa chini, akapekua mashina hadi akapata kipande kimoja kibichi. "Hukukusudia, mwanangu. Kitu waweza kukilisha kwa mapenzi yako yote, na bado kikafa."

Akakitumbukiza kile kipande kwenye glasi ya maji ya kunywa, akanivuta kifuani, ndipo akalia.