Viatu vya Wakwe Vilivyoelea Uani

Jamani, kuna aibu ambayo mtu akiikumbuka anajifunika kanga usoni hata akiwa peke yake chumbani, na yangu mimi ni ya siku wakwe walipokuja kunitazama kwetu Biryogo, miaka ya themanini, wakati huo nashona nguo kwenye kibaraza cha duka la baba.

Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni, choo kiko chini, tangi la maji machafu liko juu kando ya barabara, kwa hiyo baba aliweka pampu ya umeme ya kusukuma uchafu upande juu (majirani walikuwa na choo cha shimo na raha zao, sisi tulitaka ustaarabu). Asubuhi hiyo pampu ikanyamaza. Mama akasema, "Usiiguse, Zaina. Fundi anakuja alasiri." Lakini wageni walikuwa wanakuja adhuhuri, na mgeni akienda chooni akakuta kimefurika, nani ataolewa hapo? Nikajiambia, cherehani yangu naifungua mwenyewe, pampu itanishinda?

Nikachomoa umeme (akili hiyo nilikuwa nayo), nikafunua kishimo cha pampu, nikaona boya limenasa kwenye bomba, na boya lisipoelea pampu haijui kama kumejaa. Nikalikwamua kwa fito, nikachomeka, ikanguruma, nikajipigia kigelegele kama mwehu. Ikanguruma weee, maji hayapungui. Basi mbele kumeziba! Nikachomoa tena, nikashika bisibisi, nikalegeza kibano cha bomba, bila kukumbuka kwamba bomba lile limepanda mpaka barabarani, limejaa tele, na lina koki ya kufungwa kwanza.

Yote yakarudi. Yalinipiga kifuani, yakanipita, yakatambaa uani mpaka mlango wa sebule, ambapo wageni (kumbe walishafika, mama anawakaribisha!) walikuwa wamevua viatu. Nikaviona vinaelea, kimoja kimoja, vinaondoka bila wenyewe.

Shangazi wa mchumba wangu, mama mmoja wa Kanombe, akatokeza. "Mama we! Viatu vyangu! Huyu ndiye mchumba?"

Nami siwezi hata kukimbia, nimeziba bomba kwa mikono miwili, nikiachia linatapika.

Ndipo akatoka mama mkwe. Nikangoja aseme "twendeni." Akapandisha kitenge, akaingia kwenye uchafu ule peku.

"Mwanangu, koki iko wapi?"

"Juu, pale ukutani."

Akapanda akaifunga, akarudi, akashika bomba, mimi nikaingiza vidole nikavuta, nikavuta, kikatoka kitambaa kirefu cha maua mekundu, maua yale yale ya gauni nililovaa (mabaki ya cherehani tulikuwa tunafutia sakafu ya choo). Akakitazama kitambaa, akalitazama gauni, akashika ukuta kwa kicheko. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka. Tukakaza kibano, tukafungua koki, nikachomeka umeme, na kishimo kikajikausha chenyewe.

"Twende, wifi," shangazi akamwambia. "Nyumba hii inanuka."

"Tangulia wewe. Mimi namwosha mkwe wangu."

Na kweli aliniosha, nyuma ya jiko, ndoo baada ya ndoo, kwa sabuni ya kufulia, mpaka masikioni, kama mtoto mchanga, na hakuniuliza swali hata moja. Namshukuru Mungu kwa mikono ile, maana angegeuka tu akaenda zake, nani angemlaumu?

Shangazi aliondoka na kandambili za baba, kubwa kama mitumbwi. Mimi niliolewa. Na tangu siku ile pampu ikinyamaza, nami nanyamaza, nakaa mbali, namsubiri fundi hata akichelewa.

Mama mkwe hakuwahi kunitangaza kwa watu. Wageni wakimuuliza mke wa mwanawe alimpata wapi, alikuwa anajibu, "Nilimkuta kazini."