Kidole Tumbo cha Bi Pasi

Hakuna nguo iliyotoka mikononi mwa Bi Pasi bila kupigwa pasi, hata iliyoletwa kutiwa kifungo kimoja; ndiko lilikotoka jina. Alishonea kibarazani, kwenye nyumba aliyokaa na mwanawe, mkwewe na mjukuu wa miaka minne aliyelala naye kitanda kimoja. Kazi zake nyingi zilikuwa kaptura za wanafunzi zilizochanika makalioni, nazo zililetwa kama zilivyovuliwa. Mkasi alikuwa nao, lakini uzi aliukata kwa meno na ncha akailamba kabla ya kuitia sindanoni. Mazoea yana taabu.

Kwa usafi alijisifu hadi kero. Mjukuu alipoanza kujikuna makalio usiku, kesi alimfungulia mkwewe palepale.

"Mtoto huyu hatawazwi vizuri," alisema akiuambia mlango, mkwe amesimama hapohapo. Mkwe, ambaye ndoa ilimfundisha kunyamaza, alimchukua mtoto akamtawaza upya.

Kisha tumbo likamshika Bi Pasi mwenyewe. Lilianzia kitovuni, likahamia chini upande wa kulia, likambana hata kunyooka akashindwa. Akakisingizia kiporo cha mkwewe. Hospitalini wakasema ni kidole tumbo, wakampasua, wakakitoa. Alifurahi, tusifiche. Kidole tumbo ni ugonjwa wenye heshima zake: haumuulizi mtu ananawaje. Majirani walikuja kumpa pole, naye akawaonyesha bandeji bila kuombwa.

Siku ya kutolewa nyuzi, daktari, mwanamke wa umri wa mwanawe, alifunga mlango kwanza.

"Mama, kile kidole tumbo tulikipeleka maabara. Hakikuwa kimevimba. Ndani kulikuwa na minyoo, ile midogo myeupe kama uzi."

"Minyoo? Mimi?"

"Huweza kuingia humo ikaleta maumivu yaleyale. Kwa wengine kidole tumbo huvimba kweli na minyoo imo; kama ndiyo iliyosababisha, wataalamu bado wanabishana. Ila kukata hakukuimaliza. Iliyoko utumboni bado ipo."

Akamweleza kwamba mayai yake hayaonekani kwa macho. Hukaa kwenye kucha, mashuka na nguo, na mtu huyala bila kujua. Akamuuliza kuhusu kazi yake, na Bi Pasi alipofika kwenye uzi na meno, daktari akatabasamu kidogo. Huenda ni huko, alisema. Huenda ni kwa mtoto, au mtoto ndiye aliyeyapata kwa bibi. Dawa wameze wote nyumbani siku moja, warudie baada ya wiki mbili. Mjamzito tu asimeze kabla ya kuonana naye.

"Nikisema kidole tumbo tu, haitoshi?"

"Kwa majirani inatosha, mama. Kwa mnaolala nyumba moja haitoshi."

Nyani haoni kundule, na akionyeshwa hatamani kutazama. Njia nzima Bi Pasi aliona aibu, hasa akimfikiria mkwewe: maneno yote yale, leo ayameze? Alipofika nyumbani alikuwa keshapata ujanja. Baada ya chakula akagawa vidonge.

"Vitamini," alisema. "Daktari kasema tumeze sote."

Mwanawe akameza chake, akaenda kuoga. Mjukuu akatafuna. Mkwe alikishika kiganjani kwanza.

"Asante, Mama. Vitamini nazihitaji siku hizi." Akainamisha macho. "Nilitaka nikwambie wewe kabla ya wengine. Mwezi wa tatu huu sijaona siku zangu."

Bi Pasi akamdaka mkono. Hofu ilimpanda kuliko siku ya kisu.

"Usimeze, mwanangu. Si vitamini, ni dawa ya minyoo. Ninayo mimi. Na mtoto... nilikusema bure."

Mkwe akakiweka kidonge mezani. Kutoka bafuni mumewe akapaza sauti, vitamini gani hizi zenye ladha ya chokaa?

"Ni dawa ya minyoo," mkwe akamjibu. "Tunayo sote."