Kibuyu Chetu Kwenye Kibanda cha Maziwa

Moshi wa mti wa mgunga bado hunirudisha kwenye kile kibanda cha Isiolo ambako kikundi cha akina mama kiliuza maziwa ya ngamia na kusomesha watoto wao. Mama alikuwa ameomba kujiunga ili nianze shule, na asubuhi hiyo maziwa yetu yangepimwa. Kibuyu nilikuwa nimekifukiza mimi mwenyewe kwa kijinga cha moto, ili maziwa yasiharibike njiani kwenda Nairobi.

Mwenyekiti alitazama mikono yangu iliyojaa masizi.

“Kazi hii umemwachia mtoto? Leo tutakunywa majivu!”

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka.

“Onja kwanza, dada.”

Akanusa, akamimina kikombeni, akanywa kidogo. Kisha akanywa yote, akajimiminia tena.

“Karibu kwenye kikundi,” akamwambia Mama, halafu akanigeukia. “Na wewe kanawe. Shuleni hawaandiki kwa masizi.”

Tulirudi kwa njia ndefu ya sokoni. Kila aliyetusalimu, Mama alimwambia, “Huyu anaanza shule.” Aliwaambia hata wauza mbuzi, ambao hawakuwa wameuliza chochote.