Machela ya Mapokezi

Niliaibika, sikatai, na waliokuwepo Katesh siku ile mpaka leo wakiniona sokoni wanacheka kabla hata hatujasalimiana, lakini nasema tena mbele yenu: kuchagua picha za askari sikukosea.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, kila ofisi inajipamba, na meneja wa chama chetu cha wakulima wa ngano akanituma mimi, binti wa mapokezi niliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi, nitafute picha za ukutani kabla ya mkutano wa wanachama. Yeye alitaka Mlima Hanang. (Mlima wenyewe unaonekana dirishani, sasa wa kuchora wa nini?) Baba yangu alipigana vita vya Kagera, na wazee wengi wa chama walikwenda pia, ila hakuna aliyewahi kutundika picha zao popote, basi nikaenda Dongobesh kwa fundi Salimu, mchoraji wa mabango ya maduka, nikaagiza askari. Akasema sura za kubuni haziwezi, yeye huchora kwa kutazama, nami nikachomoa picha za pasipoti za wazee wale kwenye mafaili, nikampa. Sikumwomba mtu ruhusa. Hapo ndipo nilipokosea, na ni hapo tu.

Picha zilifika asubuhi ya mkutano, nikazitundika harakaharaka bila kuzikagua, maana meneja alikuwa ananiita kila dakika. Ya katikati ilikuwa ya askari wawili wamebeba machela, na juu yake, macho yamefumbwa, bendera imemfunika mpaka kidevuni, amelala Mzee Tluway wa Hirbadaw, mwasisi wa chama! Mzee mwenyewe alikuwa mnadani Basotu, mzima kabisa, anauza ndama. Wa kwanza kuingia akawa shemeji yake. Na kwetu kilio hakiulizwi maswali, ukikisikia unajifunga khanga unakwenda, kwa hiyo alipopiga yowe moja soko zima lililo nje ya ofisi likaitikia, akina mama wakakaa kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, wazee wakavua kofia, vijana wakatumwa Hirbadaw wakachimbe kaburi. Napiga kelele, "Ni picha tu jamani!" Nani anisikie?

"Kazi huna," meneja akaniambia. "Toa hizo takataka uondoke nazo."

"Nitaondoka mimi, picha hazitoki."

Ndipo Mzee Tluway, akitoka mnadani kuja mkutanoni, akaingia na fimbo yake. Kilio kikakatika, shemeji akajificha nyuma ya meza yangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nikamwonyesha ukuta. Akaigonga ile machela kwa ncha ya fimbo.

"Kule Kagera nilibeba wenzangu wengi," akasema. "Mimi sikubebwa hata siku moja. Binti, mwambie fundi aniinue." Akamgeukia meneja. "Na huyu abaki, nani mwingine aliyetukumbuka?"

Tangu hapo picha ya mtu siigusi kabla sijamwomba mwenyewe. Salimu alimsimamisha mzee, amebeba bunduki, lakini wale wawili bado wanabeba machela tupu, na wageni huniuliza ni ya nani. Nawajibu: niliandaliwa mimi siku niliyofukuzwa kazi, nikakataa kulala.