Shimo Dogo Chini ya Mwarobaini

Watu wengi wakimwona iguana hudhani ni mtoto wa kenge. Si kenge. Ni mjusi wa kijani kutoka nchi za mbali, chakula chake ni majani, na akiwa mchanga anaweza kulala kiganjani mwako, mkia wake ukalala juu ya mkono wako kama utepe. Mimi pia sikuyajua hayo siku madam aliponionyesha sanduku la kioo na kuniambia kwamba kuanzia siku hiyo, pamoja na kufua na kupika, nitamtunza huyo.

Iguana alikuwa wa binti wa madam na sir, mumewe, msichana wa miaka minane. Walikuwa wamemnunulia baada ya bibi yake kufariki, ili awe na kitu cha kupenda. Sanduku wakaliweka ghorofani, katika chumba kilichokuwa cha bibi, karibu na dirisha la uani. Kitanda cha bibi kilikuwa kimeondolewa. Kiti chake kilibaki.

Kumtunza si kazi ngumu, na mtu yeyote asikutishe. Asubuhi unamkatia majani ya haradali na malenge vipande vidogo vidogo. Unampulizia maji kama umande, kwa sababu hunywa zaidi yale yanayodondoka. Juu ya sanduku kuna taa ya joto, maana damu yake haijipashi yenyewe; akikosa joto, hata chakula hakisagiki tumboni. Akibambua ngozi usimvute, ngoja itoke yenyewe. Msichana aliniomba nimwekee ngozi hizo kwenye kopo la biskuti. Zilikuwa nyepesi kama karatasi ya kitunguu, na nyingine zilitoka na umbo kamili la kidole.

Kitu kimoja tu kilinichukua muda kukizoea. Juu ya kichwa chake, katikati, kulikuwa na gamba moja jeupe kama tone la maziwa. Hilo ni jicho. Halioni sura, linaona mwanga na kivuli, ili mwewe akipita angani mjusi ajue. Mirdif, mtaa wetu wa Dubai, iko karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege kubwa iliyopita juu ya paa iliburuta kivuli chake uani na dirishani. Iguana alijibana chini na kuganda mpaka kipite.

Kiangazi kilipofika familia ilisafiri, kama nyumba nyingi za mtaa ule zinavyofanya. Tukabaki mimi na dereva, mzee wa Kizanzibari aliyefika Dubai kabla mimi sijazaliwa. Kabla ya kuondoka, msichana alinishika mkono kwenye ngazi.

"Anti, akifa utaniambia?"

"Hafi huyu. Atakula vizuri."

"Bibi, walisema amesafiri. Wakaniambia baadaye, ameshazikwa. Wewe niambie siku ileile. Na nimwone kwanza."

Nikamwahidi.

Tulifunika samani zote kwa mashuka meupe. Kiyoyozi kiliachwa kikivuma usiku na mchana kwa baridi kali, maana sir alisema nyumba ikiachwa na joto kuta huota ukungu. Nje jua lilikuwa likichoma mpaka kitasa cha mlango hakishikiki, na ndani nilivaa sweta. Nyumba kubwa yenye mashuka meupe na mvumo usiokoma hukufanya utembee kwa kunyata hata kama hakuna wa kumwamsha.

Hapo ndipo nilipoona kwamba iguana anaganda hata pazia likiwa limefungwa. Hakukuwa na ndege wala kivuli. Alikuwa anainamisha kichwa kidogo, kile kitone cheupe kikielekea kwenye kiti cha bibi, na anakaa hivyo mpaka majani yananyauka mbele yake.

Nilimweleza dereva tulipokuwa tunakunywa chai jikoni.

"Ana macho matatu," akasema, "mawili ya kukuona wewe. La tatu la nini?"

"La mwewe, mzee."

"Chumbani mna mwewe?"

"Labda anahisi upepo wa AC."

"Nyie wa bara hamkosi jibu."

"Na nyie wa pwani hamkosi jini."

"Tunao," akasema, akipuliza chai yake. "Lakini tunakaa nao kwa adabu. Mimi chumba kile siingii."

Asubuhi moja nilipanda na sahani ya majani nikakuta chumba kina giza. Taa haikuwaka. Soketi zote za ghorofani zilikuwa zimejikata umeme usiku, lakini kiyoyozi, chenye waya wake, kiliendelea kuvuma. Iguana alikuwa amelala ubavu chini ya tawi lake. Ukijani wote ulikuwa umemtoka, amekuwa rangi ya mkaa. Macho yamefumba. Nilimwinua, akainuka mkavu kama kijiti, na ubaridi wake ukaingia kwenye vidole vyangu. Shuka la kiti lilikuwa limeteleza hadi sakafuni.

Nikashuka naye nimemfunga kwenye kitambaa cha jikoni. Dereva alimtazama kwa mbali, akavua kofia.

"Khalas, imekwisha. Mfu halazwi ndani. Tumzike kabla jua halijapanda."

"Nimemwahidi mtoto atamwona."

"Mpigie."

Nikapiga. Simu ya madam ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena na tena. Dereva alishachukua koleo akaenda kuchimba chini ya mwarobaini wa uani, pembeni ya ukuta, mahali penye kivuli. Nikamfuata na kitambaa mkononi, nikakifungua na kumlaza iguana juu yake kwenye vigae, ili nimpige picha. Angalau mtoto amwone hivyo. Vigae vilikuwa na uvuguvugu hata kivulini. Hewa ilikuwa kama ya mdomo wa tanuri.

Nilipiga picha moja. Nikapiga ya pili. Nilipozitazama ili nichague, nikaona hazifanani. Katika ya pili mkia ulikuwa umesogea.

Nilifikiri nimeugusa. Nikachuchumaa. Rangi ya mkaa ilikuwa inafifia kutoka shingoni, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa, na chini yake kijani kinarudi. Kisha jicho la upande wangu likafunguka, likanitazama.

"Mzee," nikasema, "acha kuchimba."

Aligeuka. Koleo likabaki hewani. Alisoma aliyoyasoma kwa sauti ya chini, akasogea nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Huyo karudi," akasema. "Na shimo tumeshalichimba."

Nilimwelewa, na hapo hatukuwa na ubara wala upwani. Kwetu pia kaburi lililochimbwa haliachwi wazi bila kitu. Huita mtu. Wazee hukata mgomba wakauzika, ardhi ikaridhika.

"Mgomba tutautoa wapi Mirdif?" nikauliza.

"Kitu chake mwenyewe ndio bora."

Nikaenda kuchukua kopo la biskuti. Tulizifunga ngozi zote katika kile kitambaa, tukazilaza shimoni, tukafukia. Dereva akaweka jiwe. Hatukucheka, na hakuna kati yetu aliyesema kwamba ni mchezo.

Madam alipopokea simu nilimwomba anipe msichana, nikamweleza yote kwa mpangilio: umeme, baridi, jinsi nilivyodhani amekufa, shimo, ngozi.

"Lakini amepona?"

"Anakula sasa hivi."

"Basi niachieni jiwe hapohapo."

Alirudi shule zilipokaribia kufunguliwa. Alipanda ngazi mbio, akafungua kioo, na iguana akatembea juu ya mkono wake hadi begani kama aliyekuwa akimsubiri. Mnene, kijani, mwenye afya. Ndege ikapita juu ya paa, kivuli kikafagia dirisha. Iguana hakushtuka.

"Amebadilika," msichana akasema.

"Amekua."

Alisogea naye dirishani. Iguana alikipa kiti mgongo. Kiti hakukitazama tena tangu siku ile. Aliinamisha kichwa kuelekea uani, kitone cheupe kikiwa sawasawa na mwarobaini na lile jiwe, akaganda.

"Anti, anaangalia nini?"

"Pale tulipozika ngozi zake."

Msichana alifikiri, akimpapasa mgongo kwa kidole kimoja.

"Sasa bibi ana mjusi wake," akasema, "na mimi nina wangu."

Alisema kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Kisha akaniuliza ni wakati wa malenge au bado, nikamwonyesha jinsi ya kuyakata.

Ukipewa iguana mchanga, usiogope, utaweza. Mpe majani, mpe maji, mpe joto. Ukimkuta mweusi na baridi, mshike kwanza, mpashe moto polepole, na usiguse koleo.