Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Juzi mjini Bomet nilitazama filamu ya Kikipsigis, yenye maandishi ya Kiswahili chini kwa ajili ya watu kama mimi. Ndani yake bibi mmoja alikuwa akisugua kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya kugandisha, kwa kijiti chenye makaa ya moto, na pua yangu ikanusa moshi ambao ukumbini haukuwepo.

Ulikuwa moshi wa jikoni kwa Kogo, nyanya yangu, kule Mogogosiek. Mimi nililelewa Nakuru kwa Kiswahili na Kiingereza. Likizo moja, Kogo akiwa amepeleka majani chai kituoni, nilichungulia kibuyu chake cha maziwa nikakuta ndani ni weusi mtupu. Nilimhurumia. Nilitia sabuni ya unga na mchanga, nikakitikisa mpaka maji yakatoka safi. Sikujua kwamba ule weusi ndio ladha yenyewe, na kwamba ulikuwa wa miaka.

Kogo aliporudi alinusa mdomo wa kibuyu.

"Nani ameosha hii?"

"Ni mimi, Kogo. Ilikuwa chafu sana."

Kiswahili chake kiliishia hapo. Alichoma kijiti, akaanza kusugua upya, huku akinitazama na kurudia maneno mafupi ya Kikipsigis. Nilijua ananigombeza. Kila aliporudia nilirudi nyuma hatua moja, mpaka nikajikuta nje kwa kuku.

Kwenye filamu, yule bibi alimgeukia mjukuu wake akasema maneno yale yale. Nikasoma chini: "Sogea karibu, mtoto wangu, uone."