Vizibo Mfukoni mwa Bwana Picha

Mwalimu wa hesabu alikuwa na ulimi mkali, na hakuuombea radhi. Mabango ya klabu ya Ukimwi yaliyobandikwa kwenye korido aliyaita michoro ya kunyima watoto usingizi. Na kweli, hebu mtu aniambie: fuvu la kichwa, mifupa miwili, na maandishi mekundu kwamba Ukimwi ni kifo, hayo yanamfundisha mtoto nini zaidi ya kukimbia? Klabu ilikuwa na wimbo pia, wa majeneza na makaburi. Kila Ijumaa wanafunzi waliuimba wakitikisa mabega, na mkuu wa shule akajisogeza katikati yao apigwe picha. Hakuna alichokipenda kuliko picha, ndiyo maana wanafunzi wakamwita Bwana Picha. Choo cha wasichana hakikuwa na mlango, lakini ofisi ya Bwana Picha ilikuwa na fremu ukuta mzima.

Mwalimu angesonya tu na kupita zake, kama si mtoto wa dada yake. Dada mtu alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyeshonea nusu ya shule ile sare, na aliishi na virusi tangu binti yake hajaota meno. Dawa alizimeza kila siku mbele ya mtoto, na mtoto alipoingia kidato cha kwanza alimkalisha akamweleza zilikuwa za nini. Binti alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, mambo yakaisha. Kisha akaimba ule wimbo muhula mzima.

Siku moja fundi akakuta begi nyuma ya mlango, nguo za binti zimekunjwa humo vizuri. Alipouliza, alijibiwa kwa upole kabisa kwamba ni za kuhamia kwa mama mdogo, siku ikifika, na kwamba cherehani haitauzwa, atapewa jirani aikodi. Fundi alimsimulia mwalimu, mdogo wake, huku anacheka, na machozi yanamtoka.

Mwalimu alipandwa na hasira asijue pa kuipeleka. Kwamba dawa zinafanya kazi, alikwisha kumwambia mtoto mpaka mdomo ukamkauka. Mtoto aliitikia, "Ndiyo, mama mdogo," kwa sauti ile ya kumliwaza mtu mzima anayejidanganya. Basi akaamua hatamwambia tena kitu. Atamwacha ahesabu mwenyewe.

Alikwenda kituo cha afya akaomba takwimu za miaka ya nyuma, idadi tupu, bila jina la mtu. Wanafunzi wakaokota vizibo vya soda, wakavitoboa na kuvipaka rangi, kisha wakapigilia safu za misumari midogo kwenye ubao mkubwa. Kizibo kimoja kilikuwa watu kumi. Vyekundu ni wanaoishi na virusi, vyeusi ni waliokufa mwaka ule. Walivitundika mwaka baada ya mwaka, na darasa likaanza kunong'ona, maana nguzo za vyekundu zilikuwa zinapanda. Mmoja akasema jamani, basi tumekwisha. Mwalimu akamwambia aache kupiga ramli, asome na vyeusi. Vyeusi vilikuwa vinashuka, na mwaka wa mwisho kilibaki kimoja. Akawapa na idadi ya wanaokutwa na virusi kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa inashuka.

Wakabishana kipindi kizima. Wanaopata wanapungua, wanaokufa wanapungua, sasa hawa wanaongezekaje? Mwishoni binti wa fundi, ambaye hakuwa amefungua kinywa, akasema taratibu kwamba nguzo inapanda kwa sababu wale wa zamani hawajaondoka. Bado wapo. Mwalimu aligeukia ukutani akajifanya anatafuta chaki. Hapohapo akamchagua binti huyo aueleze ubao siku ya wageni.

Bwana Picha aliuona ubao siku moja kabla, na roho ikamruka. Ati mgeni rasmi kutoka ofisi ya elimu aje aone ugonjwa unapanda shuleni kwake! Nguzo zishuke. Mwalimu akamweleza habari ya vyeusi, akarudia, akaeleza kama anavyowaeleza wale wa nyuma ya darasa. Bwana Picha alitikisa kichwa kwa busara zote, kisha akasema picha haina maelezo, mtu akiona kinapanda ameona kinapanda. Shahada yake ilikuwa kwenye fremu ukutani, na ungedhani ilisomewa kutundikwa tu. Mwalimu akamjibu kwamba anayetaka zishuke akazishushe mwenyewe. Alidhani amemtukana. Mwenzake akalichukua jibu hilo kama ushauri.

Kesho yake mgeni rasmi alichelewa kama kawaida yao, akaanza na soda. Ukumbi ulijaa wazazi. Fundi alikaa safu ya nyuma, tepi ya kupimia bado shingoni. Kitambaa kikaondolewa kwenye ubao, na nguzo nyekundu zilipanda, zikapanda, halafu miaka ya mwisho zikaporomoka. Bwana Picha akamwita mpiga picha asogee, akatangaza kwamba shule yake imeutokomeza ugonjwa. Watu wakapiga makofi. Watu wakiambiwa wapige makofi, wanapiga.

Binti alisimama na fimbo ya kuelekezea, akaukodolea macho ubao. Uso wake ukawa uleule wa begi nyuma ya mlango. Mwalimu alikaribia kupiga kelele, lakini akajizuia. Mtoto asipohesabu leo, hatahesabu tena.

"Mwalimu, hawa wamekufa?" binti akauliza.

"Angalia vyeusi."

Akaangalia. Cheusi kilikuwa kimoja, vilevile. "Hawajafa," akasema, na kidole chake kikaenda kwenye misumari. Bwana Picha, kwa pupa yake, aling'oa vizibo akasahau misumari, nayo ilichomoza mitupu, safu kwa safu, kila mtu anaiona. Binti akamgeukia na kumuuliza, kwa adabu, watu hawa wamekwenda wapi. Bwana Picha akacheka na kamera. Akanyanyua mkono kumwonyesha mtoto kiti, na mfuko wa koti lake ukalia chakachaka.

Fundi akasimama kule nyuma.

"Mkuu, nadhani mimi nimo humo mfukoni," akasema. "Naomba unirudishe, nina sare za kumalizia."

Waliokuwa wakijua habari zake waliinamisha macho, na wasiojua wakajua. Mgeni rasmi akaweka soda chini. Mpiga picha, ambaye hakuelewa lolote, akapiga picha yake: Bwana Picha katoa macho, mkono mfukoni. Hiyo haikuwekwa kwenye fremu.

Binti alimfuata mpaka alipo, akafungua kiganja. Bwana Picha akavitoa vizibo kiganja kwa kiganja, jasho linamtiririka, na mtoto akavirudisha kwenye misumari kimoja kimoja bila haraka. Hotuba aliyoandaliwa mtoto huyo hakuisoma, na hakuna aliyeiulizia.

Jioni fundi alirudi nyumbani akachungulia nyuma ya mlango. Begi halikuwepo. Nguo zilikuwa zimetundikwa mahali pake pa siku zote, na binti alikuwa sakafuni anamenya viazi. Hakuinua uso.

"Mama," akasema, "cherehani endelea nayo."